Mswada Uliopita Sebuleni Kwangu

Kosa langu lilikuwa kuzima televisheni mapema. Wabunge walikuwa wamepigia kura mswada wa ndovu wanaovamia mashamba, Spika akatangaza kuwa walioafiki wameshinda, waheshimiwa wakakanyagakanyaga sakafu kwa furaha, na mimi nikazima, nikavaa ndala, nikatoka. Kutoka nje kwangu ni jambo kubwa. Mtaa wetu hapa nje ya Voi unanijua kama mtu anayehitaji sababu mbili ndipo aende dukani.

Nilikuwa nakimbilia kwa jirani yangu, mama mjane ambaye shamba lake la chini lilikaa misimu miwili bila kupandwa. Alichoka kulimia ndovu.

"Mama, panda pojo," nikamwambia. "Sheria imepita. Tunawekewa fensi ya stima."

"Imepita wapi?"

"Bungeni! Nimeona kwa macho yangu."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Ni kweli nilimaliza kidato cha nne, na Katiba ninayo nyumbani. Shida ni kwamba mambo ya Bunge yako katikati, na mimi sijawahi kufika katikati ya kitabu chochote.

Akapanda. Mvua ikanyesha vizuri, pojo zikachanua, zikaanza kubeba, na mimi nikawa napita hapo nimeweka mikono nyuma kama bwana kilimo.

Halafu likaja gari la matangazo: kamati ya Seneti inakuja mjini kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mswada uleule. Jirani akaja mlangoni kwangu.

"Maoni ya nini tena, na ulisema imepita?"

"Labda wanakuja kutupongeza."

Tukaenda pamoja. Nikapewa kipaza sauti, nikauliza fensi inafika lini, maana pojo za huyu mama zinakaribia kukomaa. Seneta mmoja mpole akanijibu polepole, vile mtu huongea na mtoto aliyepotea sokoni. Mswada umepita Bunge la Kitaifa, sawa, lakini unagusa kaunti, kwa hivyo Seneti nayo lazima iukubali. Seneti ikibadilisha kitu, unarudi kule. Wasiposikizana, kunaundwa kamati ya kuwapatanisha. Baadaye ndiyo unafika kwa Rais, naye anaweza kutia sahihi au kuurudisha. Na hata ukishakuwa sheria, mtu anaweza kwenda kortini akasema inapingana na Katiba.

"Na fensi?" nikauliza.

"Bunge halijengi fensi, ndugu yangu. Sisi tunatunga sheria, tunapitisha bajeti, na tunamwita waziri atueleze kwa nini haijajengwa."

"Kumbe mnaweza kumwita waziri, lakini fundi hamuwezi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilifurahi sana, mpaka nikamwangalia jirani yangu. Alikuwa anajifunga leso kiunoni, kama mtu aliyekumbuka kazi.

Tulipofika nyumbani aliingia jikoni kwangu bila hodi, akatoka na sufuria yangu kubwa na mwiko, akanikabidhi.

"Mheshimiwa, kuanzia leo, jua likianza kushuka, uko shambani."

Nikawa mlinzi. Taarifa ya habari ikanipita kila jioni, pengine kwa faida ya mtaa. Ndovu walipokuja hatimaye, hata giza lilikuwa halijaingia. Nilipiga sufuria kwa nguvu zangu zote. Yule wa mbele akasimama, akaniangalia kwa upole uleule wa seneta, akaendelea kula. Sufuria nikaiacha hapo. Nilijikuta nyuma ya jirani yangu, nimeshika leso yake, naye anawasha mavi makavu ya ndovu aliyokuwa ameyachanganya na pilipili. Moshi ukawafuata. Wakakohoa, wakageuka, wakaondoka na kona moja ya shamba tumboni.

Asubuhi hakungoja waonje tena. Tukaingia kuchuma zilizobaki, yeye mbele, mimi nyuma na mgongo wangu unaouma. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyoogopa, na hilo likanirudishia mdomo.

"Mama," nikasema, "huo mswada ukitoka Seneti, msimu ujao unaweza kupanda mpaka kule kwa lugga, ule mto mkavu."

Hakuinua hata kichwa.

"Ndovu hawajui mswada ni nini, na wewe pia hujui. Lakini wao hawajawahi kuja kwangu kuniambia nipande."