Uji wa Mtoto Si Gundi ya Sheria

Nilimkuta ameingiza kidole kwenye kikombe cha uji wa mwanangu. Si kijiko, kidole. Alikuwa amesimama kwenye meza yangu, kitabu chake cha sheria za kodi kimefunguliwa, kipande cha gazeti mkono wa kushoto, mkono wa kulia unachota uji kama mtu anayechota mafuta ya kujipaka. Mtoto amekaa chini kwenye kanga, anamwangalia.

"Gundi imeisha, mama," bosi akasema. "Kidogo tu. Huyu mwenyewe hata haumalizi."

Nikachukua kikombe, nikamwaga uji wote uliobaki juu ya kurasa alizofungua. Nikamwambia, "Haya. Bandika zote."

Nyumbani Buswelu walicheka nilipowasimulia, wakasema hizo ni hasira za mama anayenyonyesha. Hasira za kunyonyesha zinaisha mtoto akishiba. Hizi hazijaisha, na ninataka ieleweke kwa nini.

Mshauri wa kodi anakula kwa kujua sheria ya leo. Kila mwaka ikifika Julai kuna vifungu vinabadilika, na wenzake wa ofisi za jirani wananunua toleo jipya au wanafungua tovuti ambako sheria zimewekwa bure, zimerekebishwa. Bosi wangu ana kitabu kimoja tu. Alikinunua mimi niko shule ya msingi. Mabadiliko yakitangazwa anayakata kwenye gazeti na kuyabandika juu ya kifungu cha zamani, Julai baada ya Julai, mpaka kitabu kimevimba kama mzoga uliokaa majini siku tatu. Akitaka kufunua ukurasa analamba kidole gumba, anafunua, analamba tena kidole kile kile. Mchana anaweka sahani ya sato juu yake, eti asichafue meza.

Niliwahi kumchapia sheria yote kutoka mtandaoni, nikaibana vizuri, nikampelekea. Akaipimapima mkononi.

"Muhuri uko wapi?"

"Hauna, bosi, ila ndiyo ya mwaka huu."

"Sheria ni kitabu, binti. Hizi za kwenye simu msomeane huko saluni."

Kesho yake nilikuta amefungia vitumbua.

Sasa gundi. Gundi ya dukani anasema inakausha karatasi, kwa hiyo anapika uji mzito wa muhogo kwake, anauleta kwenye kopo la siagi. Unachacha humo humo kwenye droo anamoweka na kitabu. Ukiifungua unapigwa na harufu ya matapishi, na mende wanatoka wakubwa, wamenenepa, hata hawakimbii. Mende hao walikula uji, na pamoja na uji wakala karatasi iliyobandikwa. Yaani walikula mabadiliko, wakaiacha sheria ya zamani chini yake safi kabisa, kama mpya. Bosi akawa anafunua, anasoma, anashauri watu.

Mmoja wa hao watu ni mama anayeuza barafu kwa wavuvi. Biashara ilikuwa imekua, akaja kuuliza kama bado yumo kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi tu, au sasa anatakiwa kutunza vitabu kamili vya hesabu na kuleta ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kama wakubwa. Bosi akafungua kitabu, akamwambia yumo, aende kwa amani. Mimi siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa likizo ya uzazi.

Ijumaa moja mwaka huu mama huyo akapanda ngazi zetu ameshika bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, mwanangu. Nimeletewa balua. Hebu nisomee."

Bosi akacheka kule ndani. "Balua, eh?"

Nikaisoma. Alitakiwa kuwa ameshahama kundi zamani, na sasa kuna adhabu. Mama wa barafu akakaa. "Si mlinambia niko salama? Nilikaa kiti hiki hiki."

Bosi akatoka, akageuza kompyuta yangu imwelekee yule mama. Ofisi yetu ina mfumo wa kutunza mafaili: nani alikuja, aliuliza nini, nani alimjibu, ritani yake inatakiwa lini. Kila mfanyakazi ana nywila yake. Yake alishaisahau, na nilipokuwa nakwenda likizo aliniomba yangu, nikampa, kwa sababu yeye ndiye bosi na mimi ni mtu wa kidato cha nne ninayejifunza kazi. Kwenye skrini, mahali pa mshauri, palikuwa na jina langu.

"Mwenyewe huyo," bosi akasema. "Kompyuta haisemi uongo."

Mama wa barafu akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Huyu? Huyu siku ile hakuwepo. Kwenye kiti chake ulitundika koti lako."

Nikaangalia tarehe. Siku hiyo nilikuwa wodini, nimeshonwa, kukaa tu siwezi.

"Ah, tarehe za kompyuta huwa zinajichanganya," bosi akasema.

Mama alipoondoka nilifungua kile kitabu mwenyewe. Kwenye kifungu kile, kipande cha gazeti kilikuwa kimebaki pindo tu, lina maneno matatu, na vinyesi vya mende kama kahawa iliyosagwa vibaya. Nikapiga picha, na ya skrini pia. Yeye yuko mlangoni ananiangalia. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia kichefuchefu kuliko mende:

"Andika tu barua kwamba ulikosea. Wewe bado mdogo, watakusamehe. Mimi nina leseni."

Nikisaini barua hiyo, hakuna ofisi ya kodi Mwanza nzima itakayonichukua. Mtoto ninaye, baba yake ni wa kwenda na kurudi, na kazi nyingine sijui. Nilikaa na wazo hilo Jumamosi na Jumapili. Jumatatu mwenye kunishikia mtoto akaugua, nikaja naye ofisini, nikaenda chooni dakika mbili, nikarudi nikamkuta bosi anabandika kifungu kipya juu ya ule ukurasa, ili mtu akija kukagua aone kitabu kilikuwa sahihi siku zote na mkosaji ni mimi. Na gundi yake ni chakula cha mwanangu.

Baada ya kumwaga ule uji alinyanyua kitabu kinachuruzika, akaniuliza, "Na barua yako ya kukiri iko wapi?"

"Naiandika sasa hivi."

Nikambeba mtoto mgongoni, nikakaa, nikaandika hii, na mchana ule ule nikaipeleka kwa mkono kwa mamlaka inayompa leseni:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSHAURI WA KODI ANAYENIAJIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani katika ofisi ya mshauri huyo. Nalalamika kwamba alitoa ushauri wa kodi kwa mteja muuza barafu akitumia kitabu kilichopitwa na wakati, akauingiza kwenye mfumo wa ofisi kwa nywila yangu, na sasa ananitaka nikiri kwa maandishi kwamba ulikuwa wangu. Sikutoa ushauri huo. Sina leseni ya kutoa ushauri kwa mtu yeyote.

Naambatanisha: picha ya ukurasa alioutumia, picha ya kumbukumbu ya mfumo yenye tarehe, na kadi ya kliniki inayoonyesha kwamba tarehe hiyo nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya uzazi. Mteja amekubali kuitwa shahidi.

Naomba mambo mawili. Jina langu liondolewe kwenye ushauri huo na liandikwe la aliyeutoa. Na kumbukumbu zote zilizoingizwa kwa nywila yangu nikiwa likizo zikaguliwe, kwa sababu sijui ni wateja wangapi wengine wameshauriwa na mimi nikiwa kitandani.

Bado ni mwajiriwa wa ofisi hiyo. Naomba majibu nije kuyachukua mwenyewe, yasipitishwe kwa mwajiri.