Pepo Haitoki

Siku hizi mashine ile huitwa kiyoyozi, na ofisi nyingi za mjini zinayo. Sisi tulioitengeneza katika karakana moja ya Changamwe, miaka ya mwisho ya Mwingereza, tuliiita mashine ya pepo. Kwetu watu wa Mvita neno hilo halikuwa na taabu. Maji baridi ya mtungini yalikuwa maji ya pepo, na upepo mwembamba wa alfajiri ulikuwa pepo. Kazi yetu ilikuwa kuitoa pepo kutoka ndani ya sanduku la bati. Ikitoka, mtu hukusanya vyombo vyake akaenda kuswali. Isipotoka, hukunja mikono ya shati akaanza upya.

Nimeanza upya mara nyingi maishani, na namshukuru Mungu aliyenipa subira, kwa kuwa nguvu sikuwa nazo sana. Lakini hakuna mashine iliyonichosha kama ile ya Mtongwe.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, miezi mingi kabla ya bendera. Wazungu wengi walikuwa wakiuza vitu vyao. Mmoja wao, mpima barabara, alikuwa na lori kuukuu alilolijengea nyumba mgongoni: kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo, na juu ya kitanda, kwenye ukuta wa nyuma, mashine ya pepo. Nusu yake ilikuwa ndani na nusu ilitokeza nje. Aliyelinunua alikuwa Mswahili mwenzetu, mwenye malori mawili ya kubebea nazi. Hakulinunua kwa safari. Aliliegesha uani kwake Mtongwe, akaleta jenereta, akamlaza mamake ndani.

Bibi yule moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, na joto likizidi pumzi zilimbana hata akashindwa kumaliza neno. Daktari alimwambia mwanawe kwamba joto la kaskazi ile litamshinda, ampeleke mahali penye baridi. Milimani Taita kulikuwa na shemeji aliyekuwa tayari kumpokea. Bibi akakataa. Wazee wake wote walilala maziara ya Mtongwe, na yeye hakutaka kulazwa mahali ambapo hapana mtu amjuaye mamake. Mwishowe mama na mwana wakaafikiana: gari likitoa baridi, atabaki. Lisipotoa, baada ya Idi watapanda gari la moshi.

Ramadhani ilikuwa imetuangukia katikati ya kaskazi. Nilitoka Changamwe asubuhi na mfuko wa vyuma begani, nikavuka feri, nikafika Mtongwe ulimi umeshanata. Ndani ya gari lile palikuwa kama ndani ya tanuri la mkate. Bibi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, uso umelowa jasho, lakini macho yake yalikuwa macho ya mtu mzima wa akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe fundi wa pepo?" Alivuta pumzi kwanza. "Hebu niambie. Wafunga saumu, au wafunga skrubu tu?"

"Nafunga vyote viwili, mama."

"Basi Mungu atakulipa mara mbili. Mimi kimoja nimekatazwa na daktari, na cha pili sikijui."

Niliifungua mashine. Ilikuwa ya zamani na imeliwa na chumvi. Mapezi yake ya bati, yale membamba yanayopitisha hewa, yalikuwa yamelala na kuzibwa na vumbi la barabara za Mzungu. Nikayaosha kwa brashi, nikayanyoosha moja moja kwa kisu cha mezani. Nikapaka povu la sabuni kwenye mabomba ya shaba, nikaona kipovu kikifura penye kiungo kimoja. Gesi ilikuwa ikivuja hapo. Niliichukua hadi karakana, nikaziba kiungo kwa kulehemu, nikatia gesi mpya. Juu ya meza yetu kule Changamwe pepo ilitoka mpaka tajiri wangu, mwenye karakana, akavaa koti kwa mzaha. Nikairudisha Mtongwe nikiwa na furaha, nikaifunga mahali pake, mwana wa bibi akawasha jenereta.

Kwa muda mdogo ilitoka baridi. Kisha ikawa vuguvugu. Kisha ikawa ni feni tu inayovuma joto lile lile juu ya mgonjwa.

Niliifungua tena. Nilibadilisha feni. Nilirudi kesho yake nikapima gesi, nikaiona sawa. Nikaichukua tena Changamwe, nako ikatoa baridi kama ya barafu. Nikairudisha, ikakataa. Kila safari ilikuwa ni feri ile ile na jua lile lile, na mashine nzito mimi na mchukuzi tukiisukuma kwenye mkokoteni. Usiku nilisimama nyuma ya imamu katika tarawehe nikajikuta nahesabu mabomba badala ya rakaa. Na Idi ilikuwa ikikaribia. Niliona sanduku la nguo za bibi limekwisha kutolewa chini ya kitanda na kuwekwa mlangoni.

Siku moja baada ya adhuhuri mwana wa bibi alinijia huku jenereta ikinguruma, akapaza sauti: "Vipi, fundi?"

Nami nikapaza yangu: "Pepo imo! Imo, lakini haitoki! Kule kwetu yatoka vizuri, hapa yakataa!"

Karibu na mlango alikuwa ameketi mdogo wake bibi, mama mmoja wa Mtopanga aliyekuja kumuuguza dada yake. Alikuwa akichagua mchele. Nilimwona akiuweka ungo chini taratibu na kuondoka, wala sikufikiri kitu. Niliswali chini ya mkorosho, nikalala hapo hapo juu ya mkeka.

Kilichoniamsha ni harufu ya ubani. Nikainuka. Yule mama alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, penye kibanda cha makuti kilichoikinga mashine, chetezo kimejaa makaa, ubani unafuka chini ya mashine, naye midomo yamcheza.

"Mama, wafanya nini?"

"Nafanya lililokushinda wewe. Si umesema mwenyewe pepo yumo na hatoki? Tangu nije sikuipenda sauti yake hiyo. Nimeshatuma mtu kwa mpungaji, yuwaja alasiri."

Mimi nilisema imo na haitoki, yeye akasikia yumo na hatoki. Sauti ndogo ndogo zilimezwa na jenereta, na upepo wangu ukageuka shetani. Nimesoma Kurani chuoni tangu utoto, na siku nyingine ningemtolea hotuba kamili juu ya mambo ya kupunga pepo. Siku ile sikuwa na mate ya kuhutubia.

"Mama," nikasema, "dada yako ameingia humu kupunga upepo. Nawe waja kumpungia pepo? Nilisema ya baridi. Upepo wa baridi. Hautoki."

"Kwani huyo hakusema pepo?" akamwuliza mwana wa bibi, aliyekuwa amekuja mbio kwa harufu.

"Alisema, mama mdogo."

"Basi kosa langu liko wapi? Fundi mzima hajui kusema!"

Kutoka ndani ikaja sauti ya bibi, nyembamba, na kicheko kimeikatakata: "Na mimi... mwanifukiza kama maiti... ilhali nimo, nasikia!"

Nikainama nikiondoe chetezo. Na nilipoinama ndipo nikauona moshi. Haukuwa ukipanda. Mashine iliuvuta ubavuni mwake, ikautema kwa nyuma, ukagonga ukuta wa makuti, ukarudi, ukavutwa tena. Ulizunguka hapo hapo kama mtu asiyeuona mlango.

Yule mwana alikuwa amekijenga kile kibanda kikaibana mashine pande zote, uwazi uko chini tu. Makuti yalikuwa mapya, yamepangwa mara mbili, hayana tundu. Siku zote nilipita pembeni yake nikamsifu kwa kazi nzuri. Mashine ya pepo hutoa joto la ndani ikalitupa nje kwa mgongo. Hapa ililitupa, ikalipokea, ikalitupa tena. Juu ya meza ya Changamwe mgongo wake ulikuwa wazi.

"Hiki kibanda," nikasema.

"Nilikijenga kuikinga na jua," akajibu. "Na chumvi. Nilitaka mamangu apate..."

Nikamwambia, "Najua. Lakini mashine haina pa kupumulia."

Akaingia nyumbani akatoka na panga. Alikikata kibanda yeye mwenyewe, makuti yakaanguka, joto likatoka nyuma ya gari likatupiga usoni kama tumefunua chungu. Yule mama wa Mtopanga akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Si huyo anatoka!" akasema.

Tulingoja. Mpungaji alikuja, akapewa salamu na maelezo, akacheka, akarudi zake. Niliketi juu ya tairi la akiba, sina hata hamu ya kuingia ndani kujaribu kwa mkono. Jua lilikuwa limekwisha kuinamia mikorosho tuliposikia bibi akiita.

"Abee, dada," akaitika mdogo wake.

"Niletee leso nyengine. Miguu yapata baridi."

Mwanawe aliinama akalichukua lile sanduku la mlangoni, akalirudisha chini ya kitanda. Magharibi bibi aliniletesha tende na uji wa pilipili manga, na salamu kwamba leo nimefunga vyote viwili sawasawa.

Mwaka ule wote nilikwenda Mtongwe kuitazama ile mashine, kuosha kichungi na kuyafuta mapezi chumvi. Kusi ilipokuja na baridi yake bibi alirudi chumbani kwake, nami nikaendelea kwenda kuiwasha kidogo, maana mashine ikikaa bure hushika kutu. Bendera ilipandishwa yeye akiwa amekwisha kurudi garini, na kaskazi nyingine imeanza. Hakuumaliza mwezi. Alikufa mchana, uani kwake, mdogo wake amemshika mkono.

Nilipofika jamaa walikuwa wamekwisha kumhamishia nyumbani kumwosha. Gari lilikuwa tupu, na mashine ingali inavuma, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa. Nikaizima, kisha nikaizima jenereta. Ua ukanyamaza hata nikasikia maji yakimiminwa ndani.

Yule mama wa Mtopanga alikuja akasimama mlangoni mwa gari, macho mekundu.

"Fundi," akaniuliza, "mpaka saa ile ya mwisho, pepo ilikuwa ikitoka?"

Nikatia mkono mbele ya mashine. Bati lilikuwa bado baridi.

"Ilikuwa ikitoka, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa dada yake. Niliuacha mfuko wa vyuma pale pale juu ya kitanda, nikaenda kushika udhu, kwa kuwa maziara yalikuwa karibu na jeneza lilihitaji mabega.