Mguu Uliopimwa Ukiwa Umelala

Ugonjwa wa baba yangu ulikuwa wa kumvunjia mtu heshima. Alitembea hatua mia moja hivi, shavu la mguu wa kulia likambana, akasimama. Akipumzika kidogo maumivu yaliisha, akaendelea na safari kama hakikutokea kitu. Na kazi yake katika kampuni ya reli ilikuwa kutembea tu: kufuata njia ya Kipushi na nyundo begani, akikagua mataruma na kukaza misumari. Mzungu aliyemsimamia alimwona amesimama, kisha akamwona anatembea vizuri, na kwa akili zake zote akapata jibu.

"Weye iko muvivu."

Baba aliomba apewe kazi ya kukaa, kutunza vifaa stoo. Mzungu akasema sawa, lakini kwanza daktari aandike kwamba mguu ni mgonjwa kweli. Bila karatasi hiyo ataendelea na reli, au atoke katika kambi ya wafanyakazi na jamaa yake yote. Kwa hiyo tulitafuta karatasi.

Mimi wakati huo nilikuwa infirmier, yaani muuguzi, katika hospitali ya weusi pale Élisabethville. Nilikuwa na koti jeupe, viatu vya kung'arisha kila asubuhi, na Kifaransa cha mapadri ambacho nilikitoa hata mahali kisipohitajika. Nilijiona mtu. Leo kijana yule nisingempa hata mkono.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Profesa mmoja alikuja kutoka Ulaya na kisanduku cha kupima mwendo wa damu miguuni. Mgonjwa alichomwa mkononi sindano ya dawa yenye mionzi, na bomba dogo la chuma likawekwa karibu na unyayo wake. Dawa ilisafiri na damu; ilipofika mguuni kisanduku kililia tik tik tik. Ikichelewa, njia ya damu imeziba. Kisanduku chenyewe kiliwekwa katika hospitali ya Wazungu. Lakini profesa alitaka miguu mingi, hivyo miguu yetu nayo iliruhusiwa kuingia, kwa mlango wa jikoni.

Sitamnyima haki yake: wazo lilikuwa zuri, na alinieleza mwenyewe. Mtu mwenye ugonjwa kama wa baba, alisema, lazima kwanza atembee mpaka mguu uanze kuuma, ndipo achomwe sindano. Mguu uliolala haudai damu nyingi. Utaonekana mzima.

Siku ya baba mvua ilinyesha tangu asubuhi, ua ukawa ziwa. Pa kutembea palibaki mahali pamoja tu: baraza ndefu ya saruji ambako wagonjwa wa Kizungu walikaa kwenye viti vyao, wakinywa kahawa. Profesa alifungua mlango wa kuelekea huko. Masera, yule sista aliyetawala jengo, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Ah non, Docteur. Bale hapana kutembea huku. Bagonjwa yangu banapumzika."

Bale tulikuwa mimi na baba. Profesa aliitazama mvua, akaitazama saa yake, kwa kuwa alikuwa amealikwa chakula cha mchana. Mtu aliyekuja na elimu yote ile kwa ndege, masera mmoja akamshinda. "Tant pis," akasema, yaani potelea mbali. "Alale hivyo hivyo."

Baba akanigeukia. "Si ulisema banataka nitembee kwanza?"

Nilijua. Ningeweza kusema, Docteur, tungoje mvua ikatike. Ningeweza kumwambia kwamba nyumbani nilitafuta mapigo ya damu juu ya mguu ule kwa vidole vyangu, nikayakosa. Lakini infirmier mweusi aliyemsahihisha profesa mbele ya masera hakumaliza wiki mbili akiwa na koti jeupe. Nikajitia hamnazo.

"Lala, baba. Docteur iko najua."

Akalala. Sindano ikaingia, na baada ya muda mfupi kisanduku kikalia, mguu wa kulia sawa na wa kushoto. Profesa alifurahi kama aliyepewa zawadi. "Magnifique!" Akaandika kwamba damu inapita vizuri. Mguu wenyewe hakuushika hata kwa kidole kimoja. Angeushika angeusikia baridi kama chura.

Mvua ilikatika tulipokuwa tukitoka, yaani tulipokuwa hatuhitaji tena ikatike. Njiani kuelekea kambini baba akasimama, akashika uzio wa nyumba ya watu. Upande wa pili walipita wenzangu wawili wa hospitali, na mmoja akacheka. Niliona haya. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yangu, kwa kuwa mzee huyu aliyesimama bila sababu alikuwa baba yangu na karatasi ya profesa nilikuwa nayo mkononi.

"Tembea, baba. Mashini imesema muguu iko muzima."

Akaitazama karatasi mkononi mwangu.

"Na weye pia unasema vile?"

Kisha akaachia uzio ule, akatembea. Alitembea mpaka nyumbani bila kusimama hata mara moja, meno yameumana, jasho likimtiririka shingoni. Mimi nilimfuata nyuma nikijidanganya kwamba labda mashine ilisema kweli.

Alirudi kwenye reli na hakuomba tena kazi ya kukaa. Mwaka uliofuata vidole vya mguu vikawa vyeusi, na mguu ukakatwa juu ya goti katika hospitali yetu, nikiwa kwenye zamu. Kila asubuhi alimwomba mwenzangu ndiye amfunge kidonda. Mimi hakunikasirikia. Nilipopita karibu na kitanda chake alivua kofia, akainamisha kichwa jinsi alivyowainamishia Wazungu wa reli, akaniambia, "Bonjour, monsieur."