Nilivyousemea Uvamizi kwa Sauti Tulivu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, na Mkuu wa Ukalimani akaniambia nivivue. Vilikuwa vinagonga sakafu, na kipaza sauti hakichagui cha kupokea. Kibanda chetu kilikuwa cha kioo, juu ya ukumbi wa Baraza la nchi za bara letu, kidogo kama kile cha vocha pale stendi ya Muheza kwetu. Mjumbe akizungumza chini, sisi tunafasiri papo hapo kwa Kiswahili, na aliyevaa visikilizi anatusikia sisi.

"Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'," Mkuu alinifundisha. "Usiseme 'Waziri anasema'. Humu ndani huna nchi wala huna hasira."

Hiyo ndiyo desturi ya kazi, nanyi vijana mnaosomea ukalimani mtaikuta. Nimekuwa rais, nimekuwa jenerali, nimekuwa hata mtaalamu wa nzige. Nilikuwa naipenda kazi ile.

Kisha taifa moja kubwa likapeleka jeshi kwa jirani yake mdogo na kuukalia mji wa mpakani. Balozi wa nchi ile ndogo alikuwa mzee mpole, msikilizaji wetu wa siku zote, maana Kiswahili ndicho alichokulia. Bintiye alikuwa muuguzi katika mji ule, na njia za kutoka zilifungwa. Mzee alitaka jambo moja tu: Baraza litamke nani amevuka mpaka, na limwambie arudi kwake.

Rasimu ya azimio ilianza na "uvamizi". Adhuhuri ikawa "mapigano". Jioni ikawa "hali". Nchi zinazonunua umeme kwa mkubwa ziliomba muda wa kushauriana na makwao, na nyingine zikakohoa tu.

Waziri wa taifa kubwa akapewa nafasi, na zamu ilikuwa yangu.

"Sina askari hata mmoja katika mji huo," nilisema. "Wanaolia huko wamefundishwa kulia."

Balozi hakumtazama Waziri. Aliinua macho kibandani. Niliumia mno, lakini sauti yangu ilibaki tulivu kama kazi inavyotaka.

Azimio likapita: Baraza lina wasiwasi mkubwa, na linazitaka pande zote zijizuie. Wakapiga makofi kidogo.

Nje ya ukumbi Balozi alinifuata na simu mkononi. "Mama, binti yangu anauliza mmeamua nini. Mwambie wewe, mimi nimeshindwa."

Nikaipokea simu, nikamsomea binti azimio lote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mama. Kwa hiyo wanaondoka lini?"

"Hawakusema, mwanangu."

Sasa nimestaafu, niko Muheza na michungwa yangu. Jirani yangu Mama Saumu, tukisikiliza redio, huniuliza, "Sasa nyie huko mlikuwa mwafanya n'ni?" Wenzangu husema bila Baraza mambo yangekuwa mabaya zaidi. Huenda. Mimi siku hizi sina hakika, na inanikera.

Majuzi kijana niliyemfundisha, ambaye sasa ndiye aliyemo kibandani, alinipigia.

"Shikamoo, mama. Tumekutana tena kuhusu mji ule."

"Marahaba. Mmesemaje?"

"Wasiwasi mkubwa."

Nikamuuliza habari za Balozi. Yupo, akasema, hakosi kikao. Kikiisha hutoka nje, akapiga namba ya bintiye, na namba haipatikani.