Gundi ya Shemeji Wendell

Arlys Tvedt, mpishi wa shule pale Viroqua, Wisconsin, aliwinda kulungu kwa upinde miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kugusa mishale yake. Majira yale alipokuwa akiuguza goti, Wendell, ndugu wa marehemu mumewe, akaamua kumtendea hisani bila kuulizwa. Akachukua mishale kumi na miwili mipya ya kaboni, akaigundisha vishikio, vile vipande vya alumini vinavyoingia mdomoni mwa mshale ili ncha ifungwe kwa hesi, kama skrubu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, Arlys alifunga ncha ya kwanza, akauzungusha mshale mezani. Ncha ikayumba kama mlevi. Akajaribu yote. Tisa ilikuwa na vishikio vilivyokaa upande. Akapiga simu.

"Wendell, ulikuwa unagundisha huku unatazama mpira?"

"Kidogo tu. Kwani vimetoka?"

"Laiti vingetoka!"

"Havitoki vile, shemeji. Niliweka ile gundi kali, ya kuchanganya mirija miwili."

Arlys alifumba macho. Gundi ya kuyeyusha ingelegea kwa joto dogo tu. Hii ilitengenezwa ishinde watu.

Kabla hajasema usije, Wendell alishafika na tochi ya gesi. Akauelekezea moto mshale mmoja. Kaboni ikafuka moshi, ikachanika nyuzinyuzi.

"Si mmoja tu?" akasema.

"Mmoja tu! Zima hicho kitu, ukae pale, na usiguse hata kijiko!"

Arlys akachemsha maji. Akachovya mdomo wa mshale ukiwa na ncha yake, akavuta kwa koleo. Wapi! Viganja vikamuwaka.

"Labda ungevuta kwa..." Wendell akaanza.

"Nyamaza."

Akang'oa kipachiko cha plastiki mkiani, kile kinachoshika uzi wa upinde, akadumbukiza ndani ya uwazi wa mshale kipande chembamba cha chuma, akaziba mkia kwa dole gumba na kuutikisa mshale kwa nguvu, chuma kikigonga kishikio kutoka ndani. Akachovya tena, akatikisa tena. Mara ya tatu, tok! Kishikio na ncha yake vikaruka, vikampiga Wendell tumboni.

"Aa, shemeji!"

"Kimetoka," Arlys akasema, na hakuomba radhi.

Kati ya minane iliyobaki, miwili ilipasuka. Sita ikapona. Akaisafisha kwa spiriti, akaikwaruza kwa msasa, akagundisha vishikio vipya taratibu, kila mmoja akiuzungusha mezani kabla gundi haijakauka. Safari hii hakuna ncha iliyoyumba.

Jumamosi asubuhi, Arlys akiwa ndani ya kibanda chake cha turubai, kulungu dume alisimama hatua kumi na nane mbele yake. Mshale ukaenda moja kwa moja. Mnyama akakimbia kidogo, akaanguka.

Ila goti lisingemruhusu Arlys kumvuta kulungu yule. Akatoa simu, akaguna, akampigia Wendell. Wendell akaja mbio na kamba, akamvuta mnyama mpaka barabarani, akimfundisha Arlys njia nzima namna ya kufunga fundo.