Bwawa Lisilo na Maji

Kilichotutia shaka ni ule mpira. Mpimaji wa manispaa, binti wa watu mwenye adabu zake, alikuja mtaani kwetu Mtawanya na vigingi na kamba ndefu akatueleza kwamba bonde lililo nyuma ya nyumba ya mama litachimbwa liwe bwawa la kupokea maji ya mvua, yasiteremke yote kwa mpigo kwenye nyumba za chini. Mvua ikinyesha maji yatatulia humo, yazame ardhini polepole. Kiangazi bwawa litakuwa kavu, na watoto watacheza mpira.

"Bwawa la kuchezea mpira!" mama alisema binti alipoondoka. "Ananiona mjinga huyu."

Mimi pia sikumwamini. Huku kwetu mtu akionekana na kamba ya kupimia, watu hawaulizi anapima nini, wanauliza anamhamisha nani. Nyumba ile mama aliijenga chumba kimoja kimoja kwa korosho za shamba letu la Mpapura baada ya baba kufariki, na hakuwa na pengine pa kwenda. Vigingi vilipita karibu kabisa na ukuta wa jiko lake. Binti aliapa kwamba nyumba haitaguswa. Mama akaniuliza baadaye, kama hakuna kitu, kiapo cha nini?

Jirani yetu, dereva wa lori linalozoa maganda kwenye kiwanda cha kubangulia korosho, ndiye aliyeleta dawa.

"Mama, hawa wanatafuta shimo," alisema. "Tukilifukia, watakwenda kutafuta kwingine."

Mtaa mzima ulimwona mtu wa maana. Mimi nilimtilia shaka naye. Kila msimu alikuwa akihangaika pa kumwaga maganda yake, na sasa kapata bure, tena kwa kushukuriwa. Nilipomwambia mama, alinikaripia nisimchokoze mtu anayetusaidia.

Lori likaanza kuja. Watu walitoka na majembe wakasawazisha, akina mama wakiimba utadhani kuna ngoma. Maganda ya korosho yana mafuta meusi yanayobabua ngozi, kwa hiyo tulijifunga miguuni mifuko mitupu ya salfa, ile tunayopulizia mikorosho. Bonde lilijaa likawa juu kuliko ua wa mama. Kila mtu aliliona hilo, na ndilo tulilolitaka.

Mvua ilipokuja, maji yaliteremka kutoka barabarani kama miaka yote, yakakuta kwao kumezibwa, yakageukia kwa mama. Yaliingia jikoni, yakaingia chumbani, godoro likaelea. Yalikuwa meusi. Mama alibabuka miguu hadi magotini, na akakataa kwenda zahanati mpaka amalize kutoa vyombo vyake. Jirani, ambaye nyumba yake iko juu, alikuja kutoa pole maji yalipokwisha kukauka. Nilikuwa na hasira hata salamu yake sikuiitikia.

Binti wa manispaa alirudi mvua zilipokatika. Hakutugombeza, jambo ambalo nililitilia shaka pia. Alipima bondeni, akapima barabarani, akaingia kupima uani kwetu, akarudia. Kisha akaomba kigoda, akaketi mbele ya mama.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Pale bondeni hatuwezi tena. Hata tukiyazoa yale maganda, mafuta yake yameshaingia ardhini; maji yakizama pale yatayapeleka mpaka visimani. Na sasa hivi, mahali pa chini kuliko pote mtaani ni hapa tulipokaa. Bwawa itabidi lije hapa."

Nilimtazama mama, nikingoja amfukuze. Hakumfukuza. Alinigeukia mimi, miguu yake imeviringishwa kanga, uso umemkunjuka kama wa mtu aliyeshinda kesi.

"Si niliwaambia?" alisema. "Tangu mwanzo walikuwa wanaitaka nyumba yangu."