Nusu Maksi ya Nyangeta

Karibu na duka langu la vitenge hapa Bunda kuna fundi pancha ambaye huchoma vipande vya tairi kila asubuhi. Wateja wangu hufunika pua na kulalamika, na mimi hulalamika pamoja nao ili nisionekane wa ajabu. Ukweli ni kwamba harufu ile ikinifikia huwa nasahau nilikuwa napima kitambaa cha nani. Hunirudisha Suguti, kwenye jiko la bibi yangu, wingu likiwa jeusi upande wa ziwani.

Nyumbani kwetu mpira uliounguzwa ulikuwa dawa ya radi. Mawingu yakianza kujikusanya, Bibi alitupia kipande cha tairi la baiskeli kwenye mafiga kabla hata hajaanua nguo. Kioo tulikigeuza uso ukutani. Redio tuliizima na kuitoa betri. Aliyevaa nguo nyekundu aliivua upesi, mgeni awepo asiwepo, maana radi, tuliambiwa, inapenda rangi nyekundu. Sweta langu jekundu lilikuwa likishinda chini ya godoro masika nzima. Nilikuwa namwogopea sana mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Elias, kwa sababu kalamu yake ya kusahihishia ilikuwa nyekundu na hakuitoa mfuko wa kifuani hata mvua inyeshe namna gani.

Bibi alikuwa mama yake baba. Nyumba yake na yetu zilitazamana katika ua mmoja. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani na kuimba kwa sauti iliyowazidi wanakwaya, na ulezi wa kwanza ukivunwa alichukua chembechembe kidogo akaziweka kizingitini kwa ajili ya wazee waliotutangulia. Hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Tena alikuwa na mdomo. Aliwagombeza makondakta, wachuuzi wa dagaa, hata mchungaji alipozidisha mahubiri, na watu walicheka kwa sababu walijua akimaliza kukugombeza atakukaribisha ugali.

Pembeni yangu darasa la sita alikaa Nyangeta. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wetu wote, na alikuwa ananikatia kipande cha penseli yake ikivunjika ya kwangu. Kaka yake, Majura, alikuwa ameacha shule na kuchunga mbuzi wa baba yao. Alikuwa kijana mcheshi, mrefu, wa kupiga mluzi akitembea. Siku moja mbuzi wake waliingia kwenye muhogo wa Bibi wakala majani yote ya upande wa barabarani.

Bibi alitoka akasimama njiani. Kulikuwa na watu wametoka mnadani, wakasimama kusikiliza kama kawaida.

"Majura!" alipaza sauti. "Mimi sina nguvu ya kukukimbiza. Lakini juu kuna anayeona!"

Akanyoosha kidole mbinguni. Watu wakacheka. Majura naye akacheka, akakunja magoti kidogo kumwomba radhi, akawaswaga mbuzi wake. Niliyaona hayo nikiwa nimebeba ndoo ya maji, na nakumbuka nilicheka mpaka maji yakanimwagikia.

Kabla juma halijaisha mvua kubwa ilimkuta Majura malishoni, mahali pa wazi. Radi ilimpiga pamoja na mbuzi.

Sitaeleza msiba ule. Nitasema tu kwamba kwenye matanga nilimtafuta Nyangeta nikamkuta nyuma ya nyumba akiwa ameshika kiatu kimoja cha kaka yake. Nilikaa karibu naye. Kwa siku zile hiyo ilitutosha.

Baada ya mazishi kijiji kikawa na majibu matatu. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu Elias alisema ni umeme wa mawingu. Jibu la tatu halikusemwa na mtu yeyote kwa sauti. Lilikuwa linatembea kisimani na mashineni tuliposaga udaga wa muhogo, na tulipofika sisi linanyamaza. Mama akasalimia, akaitikiwa vizuri, lakini hakuna aliyesogeza beseni kumpa nafasi kwenye foleni. Mimi nilikuwa mdogo, ila si mdogo wa kushindwa kuelewa watu wananyamaza kwa sababu gani. Walikuwa wamekumbuka kidole cha Bibi.

Mwalimu Elias alikuwa mtu wa Singida, mpole, mzee wa kanisa ambaye alisali kabla ya kuanza kipindi. Nadhani alitaka kutusaidia. Somo la radi halikuwa limefika bado, lakini aliliruka lililokuwepo akalileta hilo. Alisugua rula ya plastiki kwenye nywele zake, akaisogeza kwenye vikaratasi, vikaratasi vikaruka vikaganda. Darasa zima lilishangilia na kila mtu akataka kusugua rula kichwani.

"Mmeona?" alisema. "Hakuna mtu aliyevituma vikaratasi hivi. Ni msuguano tu. Na kule juu mawinguni ni hivyohivyo. Mmenielewa?"

"Ndiyo Mwalimuuu!"

Nyangeta hakuitika. Alikuwa anatazama rula.

Ijumaa yake tukapewa jaribio. Swali moja lilikuwa hili: Radi husababishwa na nini? Mimi niliandika kama tulivyofundishwa, kwamba radi ni umeme unaotokana na msuguano ndani ya mawingu. Niliandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, kama vile nikiandika vizuri Bibi atanusurika. Kwa pembe ya jicho nilimwona Nyangeta akiandika mstari mmoja tu, halafu akafunika kwa mkono.

Madaftari yaliporudi, la kwangu lilikuwa na vema kubwa. Nyangeta alifungua lake, na kwa kuwa tulikaa dawati moja, nikaona. Alikuwa ameandika: Radi inatumwa na mtu, Mungu anamjua. Pembeni hapakuwa na vema. Hapakuwa na mkasi wa kukosesha pia. Kulikuwa na nusu, imeandikwa kidogokidogo kwa wino mwekundu.

Mkasi ningeuelewa. Vema ningelia. Ile nusu sikujua niifanyie nini. Bibi yangu alikuwa amefanya nusu yake au hakufanya?

Nyangeta alifunga daftari akasema bila kunitazama, "Mwalimu hajanikosesha."

Alilipeleka nyumbani. Baba yake, Mzee Mugeta, alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu azike mwanawe hata hayo machache yalikuwa yamekwisha. Lakini jioni ile alitoka na lile daftari likiwa wazi mkononi, akalipeleka kilabuni, kisha dukani, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hakupiga kelele. Kila alipofika alisema hivyohivyo: "Mimi sikusoma. Mwalimu huyu amesoma. Someni wenyewe ameandika nini."

Kesho yake Baba alinishika mkono tukaenda shuleni baada ya wanafunzi kutoka. Mwalimu Elias alikuwa peke yake ofisini, anasahihisha. Alituona tu akaiweka kalamu chini.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Karibu, mzee. Kaa."

Baba hakukaa. "Mwalimu, wewe ndiye ulisemaga darasani radi haitumwi. Mtoto wangu amenisimulia, na rula umewaonyesha. Sasa ile nusu ni ya nini?"

Mwalimu alivua miwani. "Mtoto ametoka kumzika kaka yake juzi. Ameandika jina la Mungu kwenye jibu. Nilikaa nalo daftari lile mpaka chai ikapoa. Nikipiga mkasi pale, nakuwa nimekosoa nini, mzee? Nikasema nimpe kidogo, roho yake itulie."

"Umempa yeye nusu," Baba alisema taratibu, "na nusu umempa mama yangu."

Nje watoto waliobaki walikuwa wanacheza rede, na mpira wao wa makaratasi ulikuja ukagonga mlango, hakuna aliyeinuka.

"Nitalirekebisha," Mwalimu alisema. "Kosa ni langu."

Asubuhi alimwita Nyangeta mbele, akaomba daftari, akaikata ile nusu akaandika sifuri. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Si kwamba Mungu hajui, mwanangu. Swali lilikuwa la sayansi." Nyangeta alirudi kwenye dawati. Hakulia. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akachukua begi lake akahamia dawati la nyuma.

Kufika jioni habari zilikuwa zimeshazunguka kwamba Bibi amempelekea mwalimu kuku. Basi ile sifuri ikawa mbaya kuliko ile nusu. Nusu ilisema labda. Sifuri, kwa walivyoisoma wao, ilisema tuna uwezo wa kufuta hata kilichoandikwa. Baba aliniuliza wakati wa chakula cha usiku kama Mwalimu alipiga sifuri kweli, nikasema ndiyo, akasukuma sahani yake pembeni. Naye hakuwa na pengine pa kwenda kudai.

Muhogo wa Bibi uling'olewa wote, mche kwa mche, na kuachwa juani. Tulijua yanayoweza kufuata baada ya hapo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kwa heshima zote, akavua kofia, akasema, "Mzee mwenzangu, mama apumzike kidogo kwa watoto wake wengine. Watu wapoe." Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa anapeta dagaa, na nikaona mikono yake imesimama.

Walimhamishia Manyamanyama kwa shangazi. Siku ya kuondoka Mwalimu Elias alikuja barabarani tulipokuwa tukisubiri gari. Alisimama na baiskeli yake, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kuadhibiwa.

"Mama, nisamehe," alisema.

Nilimngoja Bibi amgombeze. Nilitaka amgombeze, na angemgombeza siku hiyo nafikiri sote tungepata nafuu. Alimpa tu mkono.

"Usijisumbue, Mwalimu," alisema. "Mtoto alijibu anavyojua."

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwona. Chumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi, kwenye ua wa wapangaji. Nilishangaa jinsi palivyokuwa kimya. Mpangaji mmoja alimwaga maji machafu mlangoni kwake, Bibi akamtazama tu. Kijana mlevi alimtolea lugha ya matusi, Bibi akainua kibao chake cha kukalia akaingia ndani. Shangazi alisema ni uzee. Mimi niliona ni uzee pia, nikawa namwonea huruma kwa jinsi umri ulivyomnyang'anya mdomo wake.

Alasiri moja mvua ilishuka, na mabati ya Manyamanyama yakawa yanapiga kelele mpaka mtu anasema kwa kupaza sauti. Hakuchoma tairi. Alikaa mlangoni akitazama. Nikaona hapo ndipo pa kumsaidia. Nilikuwa na jibu, tena lenye vema. Nikasugua kitana changu kichwani, nikachana ganda la sabuni vipande vidogo, nikamwonyesha jinsi vinavyoruka. Nikamweleza kila kitu kama Mwalimu alivyosema: msuguano, mawingu, umeme unashuka chini kutafuta njia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha kitu.

"Kwa hiyo mawingu yanasuguana," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na siku ile yalisuguana."

"Ndiyo."

"Na kwa nini juu ya Majura, mama? Siku zote yanasuguanaga. Kwa nini juma lile?"

Nikadhani hajaelewa. Nikarudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na kitana nikakisugua kwa nguvu mpaka kichwa kikaniuma. Akanipapasa pale panapouma. "Umesoma vizuri," alisema. "Umesoma vizuri sana." Akaingia kutazama sufuria. Nami nilishinda na furaha siku nzima kwamba nimempa Bibi jibu.

Alifariki nikiwa kidato cha pili, Butiama. Nyangeta nilikutana naye miaka mingi baadaye gulioni Nyamuswa, ana mtoto mgongoni. Tulisalimiana kwa mikono miwili, tukaongea habari za barabara na vumbi lake, tukaagana. Mwalimu Elias alihamishwa mapema, sikumsikia tena.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikaelewa lile swali. Nilikuwa nimemfokea mwanangu neno moja baya asubuhi, na mchana nikapigiwa simu kwamba ameanguka shuleni. Baadaye alipona. Lakini njiani nikikimbia, lile neno langu lilikuwa linakimbia mbele yangu, na hakuna somo la sayansi ambalo lingelizuia. Nikamwona Bibi mlangoni, mvua inanyesha. Wala hakuwa akiuliza habari za mawingu. Yeye naye alikuwa ameamini jibu la Nyangeta. Alikuwa amelibeba peke yake kutoka Suguti mpaka Manyamanyama, na ndiyo maana aliacha kugombeza watu, akiogopa neno lake litamwangukia nani tena. Akamuuliza mtu pekee aliyekuwa karibu, mtoto wa darasa la sita mwenye kitana, kama ni yeye aliyemuua kijana wa watu.

Nami nilimweleza msuguano, mara mbili.